Simbilisi dume: ahasiwe au atengwe tu? Majibu kwa wasomaji

Maswali ya simbilisi yaliyotufikia karibuni yote yanazunguka jambo moja, kuzaana. Kabla ya kufikiria kisu, angalia kwanza nani analala na nani ndani ya tundu. Mara nyingi jawabu lipo hapo.

Niliwanunulia watoto simbilisi wawili, nikaambiwa wote majike. Juzi mmoja kazaa watatu! Nimpeleke huyo dume akahasiwe? (Mama, Fuoni)

Mama, mtoe dume leo hii, hilo la kuhasi litafuata. Jike wa simbilisi hurudi kwenye joto kati ya saa 2 na saa 15 baada ya kuzaa, na dume aliye naye tundu moja hasubiri. Kama wamekaa pamoja tokea juzi, mchukulie kuwa ana mimba nyengine. Mimba huchukua siku 59 hadi 72, kwa hivyo andika tarehe na uhesabu. Jike asiyetengwa na dume anaweza kuzaa mara tano kwa mwaka, tena akinyonyesha huku amebeba, na mwili wake huchakaa upesi.

Halafu watazame watoto. Simbilisi huzaliwa wana manyoya na macho wazi, siku hiyo hiyo wanatafuna majani, na wanakomaa haraka kuliko watu wanavyodhani. Mtoto wa kike anaweza kushika mimba akiwa na wiki nne tu. Kwa hiyo watoto wa kiume waondoke kwa mama na dada zao siku ya 21, au mapema zaidi wakifika gramu 250. Wahamishie kwa baba yao. Dume mzima na kijana wake hukaa vizuri kuliko madume wawili wazima wanaokutanishwa ukubwani.

Kumjua dume: mshike kifuani kwa mkono mmoja, matako yake yakae juu ya kiganja cha mkono wa pili. Kwa kidole, bonyeza taratibu sana juu kidogo ya tundu la mkojo, upande wa tumbo. Kwa dume utahisi kitu kama kijiti chembamba chini ya ngozi, na uume hujitokeza. Kwa jike hutahisi kijiti, na ukipanua ngozi kidogo utaona umbo la herufi Y. Dume mzima ana uvimbe wa korodani kila upande. Wauzaji wengi hutazama kwa juu tu, ndiyo maana "majike wawili" huzaa.

Sasa kuhusu kuhasi. Baba akikaa na wanawe wa kiume, na mama na mabinti zake, shughuli imekwisha bila gharama ila ya tundu la pili. Kumhasi kuna maana ikiwa watoto wote ni wa kike na baba atabaki peke yake. Simbilisi ni mnyama wa kundi, na upweke unamdhoofisha. Dume aliyehasiwa akikaa na majike ni katika makundi yenye amani kuliko yote.

Madume wangu wawili wanapigana. Nikiwahasi watatulia? (Bububu)

Usitegemee. Ng'ombe na mbuzi hutulia wakihasiwa, lakini simbilisi dume huendelea kunguruma, kupanda wenzake na kugombania nafasi. Wengi huanza ugomvi wakiwa na miezi mitatu hadi sita, na dawa yake ni nafasi. Wape tundu lisilopungua mita 1 na nusu kwa sentimita 70, vibanda viwili vyenye milango miwili kila kimoja ili mnyonge asizibiwe ndani, na vyombo viwili vya maji na vya chakula vilivyokaa mbalimbali. Majike wasiwe chumba kimoja nao, maana harufu peke yake inatosha kuanzisha vita. Kugongana meno na kuzungukana ni mazungumzo yao. Damu ikitoka, watenganishe kwa taulo, usitie mkono mtupu.

Kwani si bora kumfunga jike kizazi, yeye ndiye anayezaa? (Jang'ombe)

Kwa jike daktari anapasua tumbo kutoa vifuko vya mayai. Operesheni ni ndefu, na maumivu na hatari ni zaidi. Kwa ajili ya kuzuia mimba tu, ahasiwe dume.

Hata hivyo majike waliopita miaka miwili hupata sana uvimbe wa maji kwenye vifuko hivyo. Utaona manyoya yanapukutika mbavuni pande zote mbili kwa mfano mmoja, bila ya kujikuna, na tumbo linapanuka kama pea. Hapo operesheni ni tiba.

Jambo jengine la kujua juu ya jike: akifika miezi sita au saba hajawahi kuzaa, mfupa wa nyonga hukaza, na mimba ya kwanza baada ya hapo inaweza kumuua wakati wa kuzaa. Ukiwa na jike wa namna hiyo, kukosea kumtambua dume si jambo la mzaha.

Nitajuaje kama daktari anaiweza kazi hii? Bwana mifugo wetu huhasi mbuzi, tena vizuri tu. (Makunduchi)

Swali hili ndilo zito kuliko yote. Kuhasi mbuzi ni kazi nyengine kabisa.

Kwanza, koleo la kubana mishipa na mpira wa kufunga havimfai simbilisi hata kidogo. Njia inayounganisha mfuko wa korodani na tumbo huwa wazi maisha yake yote. Ana uwezo wa kuzivuta korodani zikarudi tumboni, na utumbo nao unaweza kushuka kwa njia hiyo hiyo. Ukibana kwa koleo hujui umebana nini. Hata kwa kisu, fundi asiyelijua hilo atatoa korodani, atashona ngozi, na siku ya pili utumbo umeteremka chini ya mshono: ngiri. Kwa hiyo muulize daktari, "Ile njia ya tumboni utaifunga vipi?" Anayejua atakueleza mara moja kuwa huufunga ule utando unaozunguka korodani, au hushona tundu lenyewe. Akikuuliza "njia gani?", mshukuru uondoke.

Pili, chakula. Mbwa na paka huambiwa wasile tokea usiku kwa kuogopa kutapika wakiwa wamelala. Simbilisi hana uwezo wa kutapika, na utumbo wake ukikaa mtupu husimama, na kuuamsha tena ni kazi. Ale majani mpaka asubuhi ya operesheni. Kinachotakiwa ni kumwondolea chakula muda mfupi kabla ya nusukaputi na kumsafisha mdomo, kwa sababu huficha mabaki ya majani mashavuni. Anayekuambia umlaze na njaa hajazoea wanyama hawa.

Tatu, dawa. Sindano ya penisilini iliyochanganywa na streptomaisini, ile wanayopigwa ng'ombe na mbuzi kila siku, humuua simbilisi. Amoksisilini na ampisilini hali kadhalika. Huua vijidudu vyema vya utumbo, vibaya vinashika nafasi na kutoa sumu, anahara, anapoa mwili, na ndani ya siku chache amekufa. Mwenye mnyama hudhani operesheni ndiyo iliyomuua. Dawa zinazovumilika ni kama enrofloksasini, au salfa pamoja na trimethoprimu. Ya maumivu ni meloksikamu, dozi apime daktari kwa uzito wa siku hiyo hiyo. Nawe usiongeze kidonge chochote kutoka duka la dawa za binadamu.

Mwisho, umri na hali yake. Miezi minne hadi sita ni wakati mzuri, uzito usiwe chini ya gramu 500. Aliyepita miaka mitatu, au mwenye mafua, kuhara au meno mabaya, mwache. Wiki nzima kabla, mpime kila asubuhi kwa mizani ya jikoni na umpe robo ya pilipili hoho kila siku. Simbilisi hatengenezi vitamini C mwilini, na akiikosa kidonda hakifungi. Kipande kidogo cha pera pia kinafaa. Usiitie vitamini kwenye maji ya kunywa, inaharibika kwa mwanga na joto letu hili. Na kisamvu kibichi asipewe, kina sumu.

Ukiweza kuchagua, ifanywe wakati wa kipupwe, Juni mpaka Agosti, na iwe asubuhi. Joto likipita nyuzi 27 simbilisi anaanza kuhangaika hata akiwa mzima, na mchana wa kaskazi ni zaidi ya hapo.

Baada ya operesheni nimfanyie nini nyumbani? (Mwanafunzi wa skuli, Mwanakwerekwe)

Akizinduka anakuwa baridi. Chupa ya maji ya vuguvugu iliyofungwa kitambaa ikae upande mmoja wa tundu, apate pa kuikimbia akishapata joto. Usimtandikie maranda wala unga wa mbao, maana tumbo lake liko sentimita mbili kutoka chini na vumbi huingia kidondani. Tandika taulo au kanga kuukuu safi, ubadilishe asubuhi na jioni kwa siku 10.

Jambo la kulilinda kuliko kidonda ni tumbo. Anatakiwa awe anatafuna ndani ya saa chache, na kinyesi kionekane. Zikipita saa 12 hajala, mpigie daktari na uanze kumlisha mwenyewe. Roweka chakula cha sungura cha punje kwa maji ya moto mpaka kiwe uji, kipoe, uvute kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Mtie pembeni mwa mdomo, nyuma ya meno ya mbele, kidogo kidogo, ukimsubiri ameze. Ukimmiminia, uji unaingia mapafuni. Dume wa gramu 900 apate kama mililita 10 kwa mara moja, mara tano au sita kwa siku. Akipungua zaidi ya asilimia 10 ya uzito aliokuwa nao, mrudishe kwa daktari.

Kidonda kitazame mara mbili kwa siku. Uvimbe laini siku mbili tatu za mwanzo ni kawaida. Uvimbe mgumu unaokua baada ya siku ya nne, wenye joto au usaha, ni jipu, na linataka daktari alisafishe. Kidonda kikavu usikiguse. Kikichafuka, kijiko kimoja cha chai cha chumvi kwenye nusu lita ya maji yaliyochemshwa kinatosha. Usipake spiriti wala majivu.

Nzi ndio adui wetu mkubwa huku. Wakitaga kidondani, funza hutoka ndani ya siku moja. Funika tundu kwa chandarua, na miguu ya tundu itie kwenye vikopo vya maji kuzuia siafu.

Nipo Chake Chake. Nikimpeleka Unguja akahasiwe, nikirudi naye tu nimwachie na majike? (Chake Chake)

La. Mbegu zilizobaki kwenye mirija humfanya aweze kutia mimba kwa wiki kadhaa, kwa hiyo asubiri wiki 6 kamili. Watenge kwa wavu ili waonane na kunusana, lakini wavu uwe na matundu madogo.

Safari yenyewe ipime vizuri. Mweke kwenye tenga lenye majani mengi na vipande vya tango, mbali na jua na injini ya boti, pamoja na mwenziwe wa kiume akiwepo, maana akiwa na mwenziwe hapotezi hamu ya kula. Asirudi siku hiyo hiyo. Alale Unguja angalau siku mbili mpaka umemuona anakula na kunya kama kawaida. Kama huna pa kulala naye, usimpeleke. Mtafutie dume mdogo aliyekwisha kuacha ziwa wakae pamoja.

Kidini inajuzu? (Wete)

Wanazuoni wamekhitalifiana. Katika madhehebu yetu ya Shafi, Imamu Nawawi ameandika kuwa mnyama anayeliwa yajuzu kuhasiwa akiwa mdogo, na asiyeliwa haijuzu. Wapo wa madhehebu nyengine waliolegeza pakiwa na manufaa na mnyama asidhurike. Muulize shehe wako na umueleze hali ya mnyama wako kama ilivyo. Kuwatenga madume na majike, hilo halina khitilafu.