Barua kwa mwanangu: kabla hujaenda kwenye maandamano

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma. Unasema mhariri anataka ufuatilie maandamano hapo Mbeya yakifanyika, nawe unaniuliza uende au ukatae. Baba yako jibu lake ni neno moja, na unalijua.

Mimi nasema muulize kwanza mhariri: nikiumia, nani analipa hospitali? Nikikamatwa, nani anakuja kituoni? Akujibu kwa maandishi, hata kwa meseji. Wewe unalipwa kwa kila habari, huna mkataba wala bima ya afya. Kitambulisho chao shingoni hakimaanishi watakufuata. Akianza kuzungukazunguka, kataa, baba yako afurahi.

Kila ukija nyumbani kwa basi unapita Nyololo. Hapo ndipo Daudi Mwangosi wa Channel Ten alipouawa Septemba 2, 2012, kwa bomu la machozi alilofyatuliwa kwa karibu, polisi walipokuwa wakizuia shughuli ya CHADEMA. Alikuwa mwenyekiti wa klabu ya waandishi ya Iringa, mtu anayefahamika mkoa mzima. Kwa hiyo usiniambie, "Mama, polisi wa hapa wananijua." Kizibao cha waandishi kivae, ila usikitegemee. Kilichobaki kuzungumza kwa niaba ya Mwangosi ni picha walizopiga wenzake: askari wamemzunguka. Zilichapwa magazetini, na mwaka 2016 Mahakama Kuu ikamfunga askari mmoja miaka 15 kwa kuua bila kukusudia. Ndiyo maana sitaki uende peke yako. Ongea na wenzako wa klabu ya Mbeya, mwende wawili wawili. Mmoja akipiga picha, mwingine aangalie nyuma.

Simama pembeni, upande unakotoka upepo, mahali penye njia zaidi ya moja ya kutokea. Vichochoro vya Mwanjelwa unavijua, vingine havitokezi popote. Beba maji safi ya kunawa macho. Simu ifunge kwa namba ya siri, si kwa kidole, na majina ya wanaokupa habari yasikae humo. WhatsApp nayo usiiwekee imani: siku ya uchaguzi, Oktoba 29, 2025, intaneti ilizimwa nchi nzima. Tupange saa za kunipigia kwa laini ya kawaida.

Namba ya wakili iandike kwenye karatasi. Mtandao wa Watetezi wa Haki za Binadamu, THRDC, una mawakili wanaosaidia waandishi. Wapigie kabla ya siku yenyewe. Nasisitiza kwa sababu ya PF3, ile fomu ya majeruhi. Ukijeruhiwa, hospitali wataiulizia, na fomu hiyo inatoka polisi. Hebu fikiria unakwenda kuiomba kwa nani, na katika hali gani. Kuwa na wakili pembeni yako wakati huo si anasa.

Nitumie namba ya huyo utakayekwenda naye. Na jibu la mhariri likija, nisomee kama lilivyo, usinipunguzie.

Mama yako,
Mafinga