Forester ya mtumba: kagua injini kabla ya kuogopa jina

Ndugu, umeuliza kama Subaru Forester ya 2006 ni gari la kutegemea au la mbwembwe tu, maana shemeji yako anasema Subaru zote zinachemsha. Hajakosea sana, ila amezifunga zote kamba moja.

Hawa Subaru walianzia kwenye ndege. Nakajima, kampuni ya ndege ya Japani, ilianzishwa 1917, na baada ya Vita vya Pili vya Dunia mabaki yake yakaungana kuwa Fuji Heavy Industries, waliotengeneza Subaru, mwaka 1953. Jina huku kwetu lilikuzwa na Safari Rally, mashindano ya magari ya Kenya: dereva Colin McRae alishinda na Subaru Impreza 1997, mwenzake Richard Burns akarudia 2000, na vijana wa Nairobi hawajapona hadi leo.

Kesi yenyewe ya kuchemsha ni injini ya EJ25, lita 2.5 isiyo na turbo, ambayo gasketi yake ya hedi (kiziba kati ya bloku na sehemu ya juu ya injini) ina tabia ya kuvuja. Injini ikishapata moto, chungulia chupa ya kulanti (maji ya kupoza injini) bila kufungua rejeta. Ukiona mapovu yanapanda mfululizo, au utando wa oili juu, aga uondoke. Mimi ningechukua ya lita 2.0. Uliza pia taimingi belti (mkanda unaoendesha vali za injini) ilibadilishwa lini. Muuzaji akijiumauma, punguza bei kwa gharama ya kazi hiyo. Mafuta litakula, hilo lizoee tu.