Dada, usiendeshwe na honi ya nyuma

Gari likizimika kwenye mataa ya Dar es Salaam, wa nyuma haulizi gari lina nini. Anachungulia, akiona kilemba anasema, "Si nilijua, mwanamke!" Likimzimikia mwanaume papo hapo, lawama zote ni za betri. Nimeyasikia haya nikiwa kwenye usukani na nikiwa abiria wa daladala, na yananiuma kwa sababu yanahatarisha watu.

Umesimama kwenye zebra, Barabara ya Morogoro, watoto wa shule wanavuka. Daladala nyuma yako inapiga honi mfululizo, konda ametoa kichwa: "Mama, toa gari!" Dereva aliyekwisha kuambiwa kwamba wanawake wanachelewesha foleni hapo anapata kiwewe na kuachia breki. Dada yangu, usiachie. Tazama kioo cha kulia, maana mwenye haraka atatanua akupite, na mtoto anayetokea mbele ya boneti yako hamwoni. Toa mkono dirishani uwazuie watoto mpaka huyo mwenye haraka apite.

Shirika la Afya Duniani linasema watu wapatao milioni 1.19 hufa barabarani kila mwaka, na wanaume hufa karibu mara 3 ya wanawake. Ni kweli wanaume ndio wengi barabarani. Lakini hata kampuni za bima Uingereza, ambazo hesabu yao ni pesa, ziliwatoza wasichana kidogo kuliko wavulana hadi Desemba 2012, zilipozuiwa na uamuzi wa mahakama ya Ulaya kupanga bei kwa jinsia. Sisemi tumezaliwa na usukani mikononi; simu tunachezea wote, na inaua vilevile.

Kaka zangu, kuna jambo hamlioni. Mke anaendesha wiki nzima, kazini, sokoni, kliniki. Ikifika safari ya Morogoro, funguo zinahamia kwa baba bila hata mjadala. Atajifunza wapi kulipita lori la mizigo, au kuendesha usiku kwenye mvua? Halafu siku akisita nyuma ya lori, tunasema wanawake waoga.

Safari ijayo mwachie usukani kuanzia Kibaha hadi Chalinze, mchana, barabara ikiwa kavu. Wewe kaa pembeni, funga mkanda, usimpigie kelele za "pita, pita!" Yeye ndiye anayeona mbele ya lori, akisema bado, ni bado.