Baba mdogo si baba: unavyopaswa kueleza saratani ya mapafu ya ukoo wenu

Daktari akiuliza kama kwenu kuna aliyeugua saratani ya mapafu, anahesabu damu, hahesabu heshima. Baba mdogo mwite baba nyumbani. Kwenye faili mwandike ni mdogo wake baba. Neno "ndugu" nalo lifafanue: wa tumbo moja, au mtoto wa shangazi? Mzazi, ndugu wa baba na mama mmoja, au mtoto wako akiwa ameugua, hatari yako hupanda kufikia kama mara moja na nusu hadi mbili, hata sigara ikiwekwa kando. Wakiwa wawili, au mmoja aliugua kabla ya miaka 50, hupanda zaidi.

Andika umri alipogunduliwa, si alipofariki. Kisha andika saratani ilianzia wapi, na hapa ndipo wengi hukosea: "ya mapafu" ya bibi huenda ilikuwa ya titi iliyosambaa. Tafuta majibu ya kipimo cha kinyama. Kama marehemu alitibiwa TB bila makohozi kuonyesha vimelea, andika hivyohivyo, usimbadilishie ugonjwa.

Sigara pigia hesabu, pakiti kwa siku mara miaka ya kuvuta: 10 kwa siku ni nusu pakiti; kwa miaka 30 inakuwa 15. Ongeza kazi za asbesto na miaka ya jiko la kuni. Familia hurithishana moshi pia, si jeni tu.

Majibu ya mgonjwa yakitaja badiliko la jeni ya EGFR, msikimbilie kupima watoto. Mara nyingi sana limezaliwa ndani ya uvimbe wenyewe. Ya kurithi yapo, kama ya jeni TP53, ila ni adimu.

Uchunguzi kabla ya dalili? Mwongozo wa Marekani wa 2021 unataka CT scan ya mionzi midogo kila mwaka kwa wenye miaka 50 hadi 80, wenye ile hesabu ya pakiti na miaka inayofika 20 au zaidi, wanaovuta au walioacha ndani ya miaka 15. Ukoo haumo. Taiwan waliuingiza 2022. Eksrei haichukui nafasi ya CT. Uvimbe mdogo huipita. CT nayo huonyesha vidoa vingi visivyo na madhara, na kila kidoa huleta vipimo na gharama, kwa hiyo asiyevuta aamue na daktari.

Kikohozi cha zaidi ya wiki mbili kianzie kipimo cha TB. TB isipoonekana na dawa zisipokigusa, au kuna damu, mpe daktari karatasi yako na uulizie CT kabla ya kupokea dozi nyingine ya antibiotiki.