Programu ya pampu imeanza kuchelewa baada ya kuhamia Linux. Tuhamie Ada?

Swali: Tuna programu ya C inayoendesha pampu kwa kazi tatu: kusoma mgandamizo wa maji kila milisekunde 10, kurekebisha kasi ya mota kila 40, na kutuma rekodi kila 100. Kwenye FreeRTOS, mfumo mdogo wa kuendesha kazi kwa muda maalumu, haikuwahi kutusumbua. Tumeihamishia bodi ya Linux yenye prosesa ya kori nne, na sasa usomaji unachelewa, na mara nyingine mota inarekebishwa kwa data nusu mpya nusu ya zamani. Mwenzangu anasema Ada, lugha nyingine ya programu, ingetuepusha na haya. Ni kweli?

Jibu: Mwenzako ana hoja, ila msiandike upya chochote kabla ya kujua mlichoacha nyuma. C, hata ilipoongezewa nyuzi (mikondo ya kazi inayokwenda kwa pamoja) katika toleo la C11, haisemi lolote kuhusu kipaumbele. Kazi ipi itangulie, anayesubiri kufuli (kizuizi kinachoruhusu kazi moja tu kugusa data kwa wakati) atendewe vipi, muda uhesabiwe kuanzia wapi, yote hayo FreeRTOS ndiyo iliyokuwa ikiwaamulia.

Tuanze na kuchelewa. Nahisi palipokuwa na vTaskDelayUntil mmeweka usleep. Ya kwanza hulala hadi saa iliyopangwa, ya pili hulala kwa kipindi ulichotaja kuanzia pale ulipoiita. Kazi ikila milisekunde 2 kisha ikalala 10, mzunguko unakuwa 12, na kwa sekunde mnapata vipimo 83 badala ya 100. Dawa yake ni clock_nanosleep yenye TIMER_ABSTIME juu ya CLOCK_MONOTONIC, yaani kulala hadi saa iliyopangwa, kwa saa isiyorudi nyuma.

Data iliyochanganyika ina chanzo kingine. Kwenye kori moja, kazi ya juu ikishika prosesa, kazi ya chini husimama, na wengi wetu hulifanya hilo kuwa kufuli bila kujijua. Kwenye kori nne, mmoja anaandika huku mwingine anasoma. Kila data inayotumiwa na kazi zaidi ya moja iwekeeni kufuli la kweli.

Na kufuli lina visa vyake. Mutex (kufuli) ya FreeRTOS humrithisha aliyelishika kipaumbele cha anayelisubiri. Ya pthread, maktaba ya nyuzi ya Linux, haifanyi hivyo mpaka uiombe kwa PTHREAD_PRIO_INHERIT. Chombo cha Mars Pathfinder, kilichotua sayari ya Mirihi Julai 4, 1997, kiliumia hapo hapo: kazi ya kipaumbele cha chini, ya vipimo vya hali ya hewa, ilishika kufuli, kazi za kati zikaipokonya prosesa, na kazi ya juu iliyosimamia basi la data (njia ya mawasiliano kati ya vifaa) ikabaki inasubiri hadi mlinzi wa muda (watchdog) akawasha kompyuta upya. Ikajirudia. Mfumo wao, VxWorks, ulikuwa na urithi wa kipaumbele, ila haukuwa umewashwa kwenye kufuli lile. Wahandisi waliuwasha wakiwa hapa duniani.

Kagueni pia mnavyoanzisha nyuzi. Linux hupuuza kimya kimya kipaumbele mlichoandika kwenye attr (mipangilio ya uzi) msipoweka PTHREAD_EXPLICIT_SCHED, na uzi unarithi utaratibu wa aliyeuanzisha, ambao kwa kawaida ni ule wa kugawana prosesa bila vipaumbele hivyo. Hakuna kosa, hakuna onyo. Binafsi naona huu ni ukatili.

Sasa Ada. Kazi ni sehemu ya lugha yenyewe tangu kiwango cha 1983, na Ada 95 ikaongeza vitu vilivyolindwa, yaani data iliyofungwa pamoja na kufuli lake. Mwaka 1997 wataalamu walikutana Ravenscar, kijiji cha pwani ya Yorkshire, Uingereza, wakaamua nini kiondolewe ili tabia ya programu iweze kuthibitishwa. Matokeo yao yaliingia rasmi katika Ada 2005. Ukiandika pragma Profile (Ravenscar), idadi ya kazi haibadiliki, hakuna kuiua kazi njiani, na anayeingia kwenye kitu kilicholindwa hupanda papo hapo hadi dari ya kipaumbele ya kitu hicho, yaani kipaumbele cha juu kabisa cha kazi zinazokitumia. Kulala kunakoruhusiwa ni delay until (lala hadi saa fulani) tu. Kosa lenu la usleep lingekataliwa na kompaila. Hapo ndipo mwenzako yuko sahihi: kanuni zimo ndani ya lugha, mnahama nazo.

Kisichohama ni muda. Liu na Layland walionyesha mwaka 1973 kwamba kazi tatu zinazojirudia na zisizotegemeana, kwenye kori moja, hazitachelewa iwapo yenye mzunguko mfupi inatangulia na jumla ya matumizi haizidi takribani asilimia 78. Tuseme zenu zinakula milisekunde 2, 5 na 20: asilimia 20, 12.5 na 20, jumla 52.5. Mko salama, lakini kwa bodi mlikopimia muda huo tu. Bodi mpya ina akiba tofauti ya kumbukumbu (cache) na keneli (kiini cha mfumo) tofauti, kwa hiyo pimeni upya, na mchukue muda mbaya kabisa, si wastani. Tena Ada juu ya Linux hutumia nyuzi hizo hizo za pthread, na ruhusa ya SCHED_FIFO, utaratibu wa Linux wa kufuata vipaumbele, mtaihitaji vilevile.

Kwa kazi tatu ningebaki na C. Rekebisheni hayo manne, fungeni kazi zote tatu kwenye kori moja, na mtumie keneli yenye PREEMPT_RT, mpangilio wa kupunguza kuchelewa kwa kazi, uliomo katika Linux kuu tangu toleo la 6.12. Kama mnajua bodi itabadilika tena, au kuna mkaguzi atakayedai uthibitisho kwamba kazi haichelewi, hapo gharama ya kuhamia Ada inalipa.