Anakula lakini anakonda: apimwe thairoidi kwanza, dexa msimpe

Pole sana mkuu kwa mdogo wako. Umesema anakula vizuri lakini anazidi kukonda, moyo unamwenda mbio, analoa jasho hata kukiwa na baridi, vipimo vya UKIMWI, TB na sukari havijaonyesha kitu, na sasa muuza duka la dawa anamshauri anywe dexa (vidonge vya deksamethasoni) ili anenepe. Mimi nina ugonjwa wa Graves, unaofanya thairoidi, tezi iliyo mbele ya shingo, izidishe kazi, na dalili hizo zote nilikuwa nazo. Nakuombeni msimpe hizo dexa.

Wengine waliniambia ni presha, wengine mapepo. Daktari aliyegundua tatizo aliniambia ninyooshe mikono mbele, akaweka karatasi juu ya vidole. Ile karatasi ikawa inachezacheza yenyewe, na mimi nilijiona nimetulia kabisa. Kisha akanipa maji nimeze huku ananipapasa shingo, akaandika vipimo viwili vya damu: TSH na Free T4. Tezi ya thairoidi ikizidisha kazi, T4, homoni inayotolewa na tezi hiyo, hupanda, na TSH, ambayo ndiyo homoni ya kuiamrisha, hushuka sana. Ikizembea huwa kinyume chake: mtu anachoka, ananenepa, anasikia baridi, anafunga choo. Ombeni vipimo hivyo viwili. Ultrasaundi ya shingo inaonyesha umbo la tezi tu, haisemi inatoa homoni kiasi gani.

Mimi nilianzishiwa karbimazoli ya kupunguza homoni ya thairoidi, na propranololi ya kutuliza moyo (mwenye pumu amwambie daktari mapema). Vidonge mara nyingi huendelea miezi 12 hadi 18, hivyo jipangeni kwa gharama za kurudia vipimo. Na hili mlishike sana: akiwa kwenye karbimazoli akapata homa na koo kuuma, asinunue dawa ya mafua akalala. Asimamishe dozi, aende siku hiyo hiyo akapime damu, maana dawa hii, ingawa ni mara chache, huweza kuangusha seli nyeupe za damu, zile zinazopigana na maambukizi. Kama anafikiria kushika mimba, aseme kabla.

Turudi kwenye dexa. Hiyo ni steroidi, inafanya kazi ya kotisoli, homoni inayotolewa na tezi za adrenali zilizo juu ya figo. Uso unavimba, tumbo linajaa, sukari na presha vinapanda, watu wanasifu amenawiri. Wakati huo tezi zake zinalala kwa kuwa homoni inatoka dukani, na ugonjwa wa shingo uko palepale.

Kama ameshazinywa kwa wiki kadhaa, asiache ghafla. Aende na pakiti yake kwa daktari ampunguzie dozi taratibu. Akianza kutapika, kulegea na kuona kizunguzungu akisimama, hiyo ni dharura: mpelekeni usiku huo huo, na mkifika tu semeni alikuwa anatumia dexa.