Mkuu, hiyo semina usiilipie kwanza

Acha. Kama hujatuma hela ya utangulizi, usitume.

Umesema maafisa mikopo wako wanaacha kazi kila mara, na kuna mshauri anataka awape semina ya kujiamini ili watulie.

Nilikuwa meneja wa tawi la kampuni ya mikopo midogo hapa Morogoro. Nami nililetewa bingwa, maiki ya sikioni, dodoso la maswali 24, akimtaja Fred Luthans, mtaalamu wa tabia za watu kazini, na nguzo zake nne: matumaini, kujiamini, ustahimilivu na kutarajia mema. Mwenye nazo haondoki, akasema. Luthans simlaumu, tafiti kweli zinaonyesha watu wa aina hiyo huwaza kuondoka mara chache kuliko wenzao. Namlaumu huyu msanii aliyetusomea nusu ukurasa. Matumaini ya Luthans yametoka kwa mwanasaikolojia Snyder, na Snyder anataka vitu viwili: nia ya kufika na njia ya kupita. Bwana mkubwa akatupandisha nia mpaka darini. Njia hakuigusa, na hela yangu alishakula.

Siku ya mwisho kila mtu akaandika kwenye manila anataka kuwa nani. Afisa wangu bora, dada ambaye akina mama wa soko la Mawenzi walimletea rejesho hata mvua ikinyesha, akaandika kwa herufi kubwa: MENEJA WA TAWI. Ukumbi mzima makofi. Mkuu, meneja wa tawi ni mimi! Na nilipiga makofi kuliko wote.

Pale kwetu kulikuwa na afisa, halafu meneja. Katikati hakuna cheo, hakuna nyongeza, hakuna chochote. Basi kujiamini nilikomnunulia akaenda nako kwenye usaili wa washindani wetu ng'ambo ya barabara. Akanipa notisi ya siku 28, kisheria kabisa, na tabasamu la semina. Vikundi vyake vya wakopaji vikavuka naye. Waliofuata kuondoka ni walewale waliofaulu dodoso. Walionibakia ni waliosinzia ukumbini. Nawapenda, ila marejesho hayakusanywi kwa usingizi.

Njia kwanza, semina baadaye. Mwite kila afisa, mwambie miaka miwili ijayo atakuwa kiti gani, kwa mshahara gani. Ukikosa jibu, huna cha kumtia moyo. Mimi nilichelewa kuweka cheo cha afisa mwandamizi, mwenye ruhusa ya kuidhinisha mikopo midogo bila kunisubiri. Hapo ndipo watu walipoanza kujiamini kweli, bila maiki. Mwanasaikolojia Bandura alishaandika tangu 1977 kwamba kuifanya kazi ukaiweza hujenga kujiamini kuliko maneno ya kutiwa moyo.

Huyo mshauri wako muulize: nikishawaamsha, waende wapi? Akianza hadithi ya tai aliyelelewa na kuku, mpe nauli arudi kwao.